Utitiri Kwenye Mstari wa Pili

Mimi si daktari. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayeinama kwenye dirisha langu huniita daktari, na nimechoka kumrekebisha mmoja mmoja. Mimi ni karani wa rekodi katika hospitali moja ya kaunti ya Homa Bay. Daktari akimaliza na mgonjwa, faili inakuja kwangu. Nausoma mwandiko wake, nikiweza kuusoma, kisha naupa ugonjwa msimbo wake, yaani herufi moja na tarakimu mbili tatu. Malaria ina msimbo wake, kuhara kuna wake, kuumwa na mbwa kuna wake. Kompyuta haijui maneno, inajua misimbo. Wakubwa wakitaka kujua watu wa huku ziwani wanaugua nini, hawasomi alichoandika daktari, wanasoma nilichobonyeza mimi.

Nimebonyeza kwa miaka ishirini na ushee, kwanza Migori, sasa huku. Kwetu ni Kegonga. Kijaluo changu bado ni cha kusalimia na kuomba maji ya kunywa, kwa hiyo mimi na wagonjwa tunakutana katikati, kwenye Kiswahili, kila mtu na chake. Miaka hiyo imenipa mgongo unaolia nikiinuka, miwani ya pili, na macho yanayowasha kila ifikapo saa nane mchana. Nilidhani ni vumbi la faili. Kila kitu nilikidhani ni vumbi la faili.

Sasa nieleze tabia yetu moja, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Ripoti ya mwezi ina safu ndefu ya magonjwa, na macho yamepewa mstari mmoja tu. Jicho la aina yoyote, likiwa jekundu, linaingia hapo. Mzee aliyenifundisha kazi kule Migori alikuwa akisema, "Macho ni macho, kijana, usijichoshe." Nikajifunza kutojichosha. Faili ikija na neno lolote la jicho jekundu, mkono ulienda wenyewe kwenye H10, ambao ni msimbo wa macho mekundu yale ya kuambukizana, yanayopita shuleni kama moto wa nyika. Sikuwa peke yangu. Makarani wote niliowajua walifanya hivyo, na madaktari nao walitujua, wakawa hawajisumbui kuandika zaidi. Mgonjwa anapewa dawa ya kupaka, faili inarudi kwenye rafu, mwezi unafungwa.

Faili ya yule mama niliijua kabla sijaijua sura yake. Alikuwa mpishi katika shule ya bweni upande wa Rangwe. Kwa muda wa mwaka na zaidi alikuwa amekuja mara saba kwa ajili ya macho, na mara zote saba nilimtilia H10 kwa mkono wangu. Dawa ile ile, mstari ule ule. Hakuna aliyejiuliza ni ugonjwa gani huu wa kuambukiza unaomkaa mtu mwaka mzima na usimguse mwenzake anayesimama naye kwenye sufuria moja. Nami sikujiuliza, na katika hospitali nzima ni mimi peke yangu niliyeziona kurasa zote saba kwa pamoja.

Mara ya nane alikuja na neno jipya. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa amemwambia akae nyumbani. Macho mekundu mwaka mzima, karatasi ya hospitali kila mara inasema ni ya kuambukiza, na anapikia watoto wa watu! Alitakiwa kuleta barua inayosema wazi anaumwa nini. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Asipoileta, au ikija na maneno mabaya, mwiko utashikwa na mtu mwingine. Alikuwa amepika pale tangu shule haina uzio.

Wiki hizo tulikuwa tumeletewa mtu mpya wa macho kutoka Migori. Naye kwa cheo si daktari, ni afisa wa kliniki, ila simsikii akilalamika akiitwa hivyo. Kijana mcheshi, Mjaluo, mwenye haraka ya miguu lakini si ya macho. Huyu alikaa na yule mama karibu saa nzima. Akamng'oa nywele mbili za kope, akazipeleka maabara, kisha akaja hadi kwenye dirisha langu.

"Omera, ndugu yangu, wacha hizo karatasi. Kuja uone kitu hujawahi kuandika."

Nikaenda, nikaweka jicho kwenye darubini. Mwanzoni niliona unywele tu, mnene kama fito. Halafu nikaona kwamba kwenye shina lake wamejipanga wadudu, weupe wa kuona ndani, miguu mifupi imekusanyika mbele na mkia mrefu nyuma. Mmoja alisogea. Nilirudi nyuma nikamkanyaga mtu wa maabara.

"Ni nini hiyo?"

"Utitiri."

"Wa kuku?"

"Binamu yake. Huyu wake ni binadamu, anakaa kwa shina ya kope. Si mnasema kikulacho ki nguoni mwako? Huyu ameona nguo ni mbali." Akacheka mwenyewe. "Lakini usiangalie huyo mama vibaya. Hata wewe unazo. Hata mimi. Mtu akishazeeka kidogo karibu kila mtu anazo, ni vile tu hazijai. Kwake zimejaa, na moshi na mafuta ya jikoni zikamalizia. Haziingii kwa chakula. Ugali haina kope."

Nikacheka nami. Neno lile la kwamba hata mimi ninao nilikwenda nalo hadi mlangoni, nikaliacha hapo.

Sisi tuliolala na kuku tukiwa watoto tunaujua utitiri. Kule Kegonga kuku walilala jikoni, nasi watoto tukalala jikoni, na asubuhi nyingine uliamka shingo inatambaa. Mtoto aliyeonekana akijikuna darasani alihamishiwa dawati la nyuma peke yake. Nilikaa dawati hilo muhula mmoja. Kwa hiyo sitadai kwamba sikujua neno lile linamfanya nini mtu.

Faili ilikuja mezani. Kijana alikuwa ameandika kwa herufi zilizosimama, jambo ambalo kwetu ni kama kuona mvua ya Januari: kuvimba kwa kope kulikosababishwa na utitiri. Hapo nikiri jambo. Nilifurahi. Kwa miaka mingi sikuwa nimelifungua lile buku kubwa la misimbo, nalifuta vumbi tu. Siku hiyo nililifungua. Mwezi mmoja kabla, wakaguzi walikuwa wametukalia kikao kizima wakitukaripia kwamba sisi ni wavivu, kwamba kila kitu kwetu ni "macho tu" na "tumbo tu". Nikajiambia, leo nitawaonyesha. Nikatafuta. Kuvimba kwa kope kuna msimbo wake, H01.0. Huo unaingia mstari wa kwanza wa rekodi ya mgonjwa. Utitiri nao una wake, B88.0, na kanuni inataka anayesababisha atajwe, basi huo ukaingia mstari wa pili. Ukurasa wenyewe si wa kupendeza. Ameanza chawa, ukafuata upele, wakafuata funza wa nzi, halafu ndio hao wa mama wetu. Lakini kazi ilikuwa safi. Nilijisikia kama fundi aliyeunga mlango ukafunga bila kusukumwa.

Nikachapa barua. Kompyuta haichapi misimbo mitupu, inachapa na maelezo yake, pamoja na jina la kundi.

Alikuwa amesubiri kwenye benchi tangu asubuhi. Alisimama dirishani, kanga imefungwa kiunoni, macho yamevimba pembeni, nywele za kope zimebaki tatu nne.

"Nisomee, daktari. Mimi kizungu yangu ni ya kusalimia tu."

Nikamsomea mstari wa kwanza. Akatikisa kichwa kukubali.

"Na hiyo ya chini?"

"Hiyo ni utitiri, mama. Wadudu wadogo wa kwenye kope. Wako kundi moja na chawa na upele."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Hiyo ya chini toa," akasema polepole. "Andika macho tu."

"Siwezi, mama."

"Daktari, mimi napikia watoto ya watu. Wakisoma wadudu, nani atakula mkono yangu?"

"Mimi siandiki ninachotaka. Mwenye kupima ameandika, mimi natia msimbo. Nikitoa, nitakuwa nimedanganya."

"Lakini siku zote si ulikuwa unaandika macho tu?"

"Hapo tulikosea."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Mlikosea, nikapika. Sasa mmepatia, nikose kupika?"

Nilikuwa na la kufanya. Kijana wa macho alikuwa ameenda kula. Ningemwambia mama asubiri nusu saa, kijana akirudi aongeze mstari mmoja chini kwa kalamu, kwamba wadudu hawa hawapiti kwenye chakula, kwamba karibu watu wazima wote wanao. Mstari mmoja tu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, macho yalikuwa yananiwasha, nami nilikuwa nimefanya kazi safi na sikutaka mtu aichafue. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikapiga muhuri.

Aliikunja barua mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Haya, daktari. Nyasaye atasaidia," akasema, akimtaja Mungu kwa Kijaluo, akaondoka. Nikaita, "Anayefuata."

Alirudi baada ya mwezi hivi. Sikumtambua. Kope zilikuwa zimekauka, weupe wa jicho umerudi, nywele zimeanza kuchipua. Kijana alikuwa amempa dawa na kumfundisha kukanda kope kwa kitambaa cha maji moto na kuziosha kwa sabuni ya mtoto mchanga, asubuhi na jioni, naye alikuwa ameshika. Alitaka barua ya pili, ya kusema amepona.

Nilipokuwa nachapa alinieleza, bila mimi kuuliza. Naibu aliisoma ile barua palepale jikoni, mbele ya wapishi wenzake, akiifasiri kwa sauti. Alipofika kwenye chawa na upele mmoja wao alisogeza bakuli. Hakufukuzwa. Aliambiwa, "Mama, tutakupigia simu." Alikuwa na mwiko wake mwenyewe, mrefu hadi begani, aliochongewa na fundi wa Rangwe, maana ile ya shule ilikuwa inamvunjia mgongo. Aliomba aondoke nao. Wakamwambia umeshatiwa motoni, pamoja na aproni, kwa usalama wa wanafunzi.

"Ilipika ugali ya siku hiyo," akasema, na midomo ikataka kucheka ikashindwa. "Kuni nzuri."

Barua ya pili ilitoka. Ilisema amepona, na kijana safari hii aliongeza maneno yake yote kwa kalamu. Lakini kompyuta huchapa na historia chini yake, na pale chini zilikuwepo H10 saba, kisha H01.0, kisha ule wa utitiri. Nilijaribu kuuondoa. Mwezi ulikuwa umeshafungwa, ukurasa hauguswi. Kuna fomu ya kuomba ufunguliwe, inapitia ofisi tatu. Niliichukua fomu hiyo, nikaiweka kwenye droo, na hadi leo imo. Sina cha kujitetea zaidi ya kusema nilikuwa nimechoka, na kila mtu humu amechoka.

Hakupigiwa simu. Shule ilikuwa imepata mpishi mwingine.

Basi akaja kupika kwenye lango la hospitali. Anauza nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na uji wa wimbi kwenye ndoo yenye kifuniko. Ni mpishi hasa. Wauguzi wanakula kwake, kijana wa macho anakula kwake kila siku akiwa amesimama, mtu wa maabara anakula kwake, na huyo aliwaona wadudu kwa macho yake. Mimi mwanzoni nilipitia lango la nyuma. Nikafanya hivyo wiki nzima, hadi mvua ikaharibu njia ya nyuma, nikalazimika kupita mbele. Akaniita, "Daktari, kwani wewe hauli?" Nikala. Sijawahi kula nyoyo iliyoiva vile.

Mwaka huu macho yangu yalikataa kuwa vumbi la faili. Yaliwasha asubuhi, yaliwasha mchana, kope zikawa na magamba ya unga kwenye mashina, na mke wangu akaniuliza kama nimeanza kunywa. Nikaenda kwa kijana. Aling'oa nywele mbili. Hakuniita kwenye darubini mara hii, nilijiita mwenyewe. Walikuwa wamejipanga vilevile, miguu mbele, mkia nyuma.

"Si nilikuambia?" akasema. "Karibu chamani."

Akaandika kwenye faili yangu maneno yale yale, kwa herufi zile zile zilizosimama. Kisha akanikabidhi niipeleke rekodi. Rekodi ni mimi. Nilitembea na faili yangu kwenye korido, nikaingia kwa mlango wangu, nikaketi kwenye kiti changu, nikajisomea ugonjwa wangu kama wa mtu mwingine.

Hapa lazima niseme kwamba nilikuwa nimeomba uhamisho. Nataka kwenda kumalizia kazi Kehancha, karibu na nyumbani, kabla mgongo haujaamua vingine. Ombi linataka muhtasari wa afya, na muhtasari unapita mikononi mwa watu ninaowajua kwa majina, watu tuliokula nao, wengine tuliosoma nao Kegonga na wanalikumbuka dawati la nyuma. Nikawaona wakisoma. Nikamwona mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidole.

Nikaandika H01.0 kwenye mstari wa kwanza.

Kishale kikashuka chenyewe kwenye mstari wa pili, kikawa kinawaka na kuzimika, kikisubiri. Buku halikuhitajika, msimbo naujua kwa kichwa. Sikuwa na foleni dirishani. Hakuna aliyenisukuma. Nilikaa na mstari ule mtupu kwa muda ambao ungetosha kabisa kumsubiri mtu atoke kula. Kisha nikabonyeza kuhifadhi, ukiwa mtupu vilevile.

Nilitoka nje kutafuta uji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mtu akishakuwa nguruwe na binadamu katika dirisha moja hana mahali pa kuuchomeka. Niliona haya, haya ya kweli, ya kuungua masikio. Mama alikuwa anakoroga kwa mwiko mpya, mfupi. Akanimiminia kikombe, akaniangalia usoni, akaacha kukoroga.

"Daktari, macho yako."

"Ni vumbi, mama."

"Hiyo si vumbi. Hiyo naijua." Akainama karibu na kushusha sauti ili walio kwenye benchi wasisikie. "Kanda na maji ya moto asubuhi na jioni, na sabuni ya mtoto. Usikose hata siku moja. Na wewe unafanya na ofisi, watu watakuuliza. Usiwaambie mambo mingi. Waambie ni macho tu."

Nilimwambia asante. Nilikuwa nimeshaandika hivyo.